Aliyeshika nafasi ya farasi: rekodi za kuvuta na kusukuma, kutoka San Francisco hadi Butembo

Butembo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, kilima kwa kilima, na mtu akishuka kutoka Bulengera na mzigo anajua mapema kwamba mbele yake kuna kupanda kwingine. Kwa tramu ya kuvutwa na farasi, mji huu ungekuwa mateso. Ila farasi hakupata hata nafasi ya kujaribu. Kwenye njia za kutoka pwani na zile za msituni mbung'o walimsubiri, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, ilimuangusha kabla hajafika mbali. Ndiyo maana sisi wa Butembo na Beni tunaisoma historia ya tramu kwa jicho jingine. Wenzetu walihangaika kutafuta mashine ya kumpumzisha mnyama. Huku kwetu kazi ya mnyama ilifanywa na mtu tangu mwanzo, na mtu huyo haonekani sana katika vitabu vya rekodi.

Ugonjwa uliosimamisha miji mingi kwa mpigo

Reli ya kwanza ya kubeba abiria wa kulipa nauli ilianza Swansea, Wales, mwaka 1807, na aliyevuta gari alikuwa farasi. Miaka 80 baadaye Marekani peke yake ilikuwa na farasi na nyumbu wa tramu zaidi ya 100,000. Ilikuwa kazi ya kuua. Mnyama alivuta saa nne au tano tu kwa siku, kwa hiyo gari moja lilihitaji kundi zima la kupokezana, pamoja na zizi, nyasi, maji na watu wa kuzoa mavi barabarani. Baada ya miaka michache tu mnyama alikuwa amechakaa.

Kisha ukaja mwaka 1872. Mafua makali ya farasi yalianzia karibu na Toronto, Kanada, na kwa wiki chache yakaenea miji ya mashariki ya Marekani. Tramu zikasimama. Ng'ombe wakaletwa kuvuta mikokoteni, na walipokosekana, wanaume wakajifunga kamba wenyewe. Moto mkubwa ulipozuka Boston tarehe 9 Novemba mwaka huo, wazimamoto walikokota mashine zao kwa mikono. Miji tajiri ilionja kwa majuma machache maisha ambayo Mombasa, kama tutakavyoona, ingeyaishi kwa zaidi ya miaka 30.

Mlima uliozaa kamba

Andrew Smith Hallidie alikuwa fundi wa kamba za chuma za migodini huko San Francisco. Inasimuliwa kwamba mwaka 1869 aliona farasi wakiteleza kwenye barabara ya mlima iliyolowa, wakaburutwa na gari lao hadi chini. Agosti 1873 alijaribu dawa yake katika mtaa wa Clay: kamba ya chuma inayozunguka chini ya barabara bila kusimama, ikivutwa na injini ya mvuke iliyofungwa ndani ya jengo. Dereva wa gari alishusha koleo kupitia ufa ulioachwa katikati ya reli, akaikamata kamba na kupanda nayo. Akitaka kusimama, anaiachia na kukanyaga breki. Tramu za kamba za mji huo ndizo zilizodumu kuliko zote: hadi leo San Francisco inapanda milima yake kwa kamba, kwa mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa. Melbourne ilijenga mtandao mmojawapo mkubwa kabisa wa aina hiyo, uliofanya kazi tangu 1885 hadi 1940.

Nikitazama mitelemko ya Kimemi na Mususa mjini kwetu naona kabisa kwamba Hallidie angepata kazi hapa.

Nyumbu aliyepanda gari, na chukudu

Katika rekodi zote nilizozisoma, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mji wa Ontario, jimbo la California, ulikuwa na barabara ndefu iliyopanda polepole kuelekea milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1880 nyumbu walivuta tramu kupanda. Walipofika juu walifunguliwa, wakapandishwa kwenye jukwaa dogo la magurudumu lililofungwa nyuma ya gari, na wote wakashuka kwa uzito wao wenyewe, abiria mbele na nyumbu nyuma, dereva akishika breki tu. Umeme ulikomesha mtindo huo mwaka 1895.

Mtu wa Kivu Kaskazini akiisikia habari hiyo haombi maelezo, maana ndiyo chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kubebea mizigo. Kupanda ni jasho. Mwenye chukudu anainama, mikono kwenye usukani, mwenzake anasukuma nyuma. Kushuka, kilima chenyewe kinafanya kazi: anapiga goti moja juu ya ubao, mahali palipowekwa kipande cha mpira ili goti lisichubuke, mguu mwingine ukiwa tayari. Nyuma kuna kipande cha tairi kuukuu kinachokaa juu ya gurudumu. Akikikanyaga, mpira unasuguana na mpira na mwendo unapungua. Fremu ni mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, na magurudumu ni ya mbao yaliyovikwa tairi. Mkaa, viazi, mbao, magunia ya maharage kutoka milima ya Lubero, mamia ya kilo, vinateremka hivyo hadi sokoni bila tone la mafuta. Goma wameisimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji, na wamefanya vema. Hakuna profesa aliyeichora. Seremala aliitazama barabara yake akatengeneza kinachoiweza.

Majaribio ya katikati

Wengine walijaribu hewa. Louis Mékarski alijaza hewa iliyogandamizwa kwenye mitungi chini ya gari, akaipasha joto kwa maji ya moto kabla haijaingia kwenye injini, na tramu zake zilitembea Nantes, Ufaransa, tangu 1879 hadi 1917. Katika miaka ya 1870 Emile Lamm wa New Orleans alitumia amonia, kisha birika kubwa la maji yaliyochemshwa kituoni. Tramu za wote wawili zilisafiri bila moshi, na zote zilirudi kituoni kujazwa tena.

Umeme ulimaliza ubishi. Werner von Siemens alianzisha tramu ya kwanza ya umeme ya kudumu huko Lichterfelde, karibu na Berlin, tarehe 16 Mei 1881. Umeme ulipita kwenye reli zenyewe, na farasi aliyezikanyaga zote mbili kwa pamoja alipigwa shoti. Frank Sprague aliupandisha juu ya vichwa vya watu: mwaka 1888, Richmond, Virginia, magari yake kama 40 yalivuta umeme kwa mlingoti uliogusa waya wa juu, yakipanda miinuko ya asilimia 10. Ndani ya miaka miwili miji zaidi ya 100 ilikuwa imeanza au imepanga kufanya vivyo hivyo. New York ilistaafisha farasi wake wa mwisho wa tramu mwaka 1917.

Wa kwanza na wa muda mrefu katika Afrika Mashariki

Zanzibar iliwatangulia wote huku. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alitandika reli ya kama kilomita 11 kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani. Mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza garimoshi dogo kutoka kwa Bagnall wa Uingereza. Ni miaka miwili tu kutoka mnyama hadi mvuke. Alipofariki mwaka 1888 reli iling'olewa. Baadaye, tangu 1905 hadi 1928, garimoshi la kwenda Bububu lilipita mjini karibu kabisa na milango ya nyumba.

Mombasa inashika rekodi nyingine. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza reli nyembamba ya kuelekea bara na kuiacha baada ya maili chache. Reli hizo zikatandikwa mitaani, na juu yake vikawekwa vitoroli: kiti, paa la turubai la kukinga jua, na nyuma wanaume wawili wakikimbia kati ya reli huku wakisukuma. Nyumba za wakubwa zilikuwa kila moja na tawi lake la reli hadi uani. Hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1920, wakati Richmond ilikwisha kuwa na umeme miaka 30 na zaidi. Picha za vitoroli zipo nyingi. Jina la aliyekaa kwenye kiti mara nyingi limeandikwa chini ya picha; la msukumaji halimo.

Mzito kuliko wote, na reli iliyotukaribia

Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu tembo. Mwaka 1879 tembo wanne wa Kihindi waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, ili wabebe mizigo hadi Ziwa Tanganyika. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Baadaye Wabelgiji walifuga tembo wa hapa hapa kaskazini mwa Kongo, kwanza Api kisha Gangala-na-Bodio, na tembo hao kweli walivuta magari.

Reli yenyewe haikufika kwetu. Édouard Empain, Mbelgiji wa tramu za Cairo na metro ya Paris, alianzisha mwaka 1902 kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, lakini njia zake zilibaki upande wa Kisangani, Kindu na Ziwa Tanganyika. Kutoka Aketi ilikuja reli nyembamba ya sentimita 60, ikaishia Mungbere mwaka 1937. Upande wa mashariki, garimoshi la Uganda lilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kutoka mpaka wa Kasindi hadi Beni kuna kilomita kama 80, nazo zimebaki za malori.

Rekodi moja bado haijaandikwa, nayo ni ya mzigo mzito kuliko wote uliowahi kushushwa na chukudu moja hadi soko la Butembo. Mizani ipo sokoni. Ofisi ya mji ingeweza kuchagua siku moja ya soko, kupima, na kuandika uzito, umbali, mteremko aliotokea, na jina kamili la aliyeshika usukani, akiridhia.