"Mimi Sijui Kuchora": Daftari la Michoro na Mwanafunzi Anayegoma

Wapo watakaouliza mhandisi anatafuta nini kwenye somo la sanaa. Jamani, sisi wahandisi ni wachoraji wa lazima, maana mashine huanza kuwa mstari kabla haijawa chuma. Isitoshe, kila Jumamosi baadhi yetu hapa Uingereza tunajitolea kuwasaidia watoto wa jumuiya yetu kazi za shule. Wengi huja na hesabu. Lakini wapo wanaokuja na daftari la michoro jeupe kuanzia ukurasa wa pili, na mzazi anasema, "Hilo liache, sanaa si somo." Nawaandikia hasa ninyi mnaojitolea, au mnaofikiria kuanza.

Tuanze na alama zenyewe. Katika GCSE ya sanaa huku England, jalada la kazi ambazo mwanafunzi amezifanya kwa muda wote wa somo lina asilimia 60, na kazi inayotolewa na bodi ya mitihani, inayomalizikia kwa saa 10 chini ya usimamizi, ina 40. Msahihishaji hatazami picha ya mwisho peke yake. Anataka kuona wazo lilivyoanza, likajaribiwa, likabadilika. Hayo yataonekana wapi kama si kwenye daftari? Kwa hiyo mtoto anayechana kila ukurasa uliomuudhi anachana alama zake mwenyewe.

Kwa nini anagoma? Mimi naona si uvivu, ni woga. Mtoto wa miaka sita atachora tembo wa zambarau bila wasiwasi. Akifika kumi na mbili anajua tembo wa kweli yukoje, anaona wake hafanani, basi anafunga daftari. Na kwa watoto wetu waliofika huku juzijuzi kuna zaidi: walikotoka, kuchora shuleni mara nyingi kulikuwa kunakili mchoro wa ubaoni, raba ikifanya kazi kuliko penseli. Leo anaambiwa "chora unachotaka". Atake nini?

Dawa ya kwanza ni kuuondoa weupe wa ukurasa. Chukua chai ya rangi iliyopoa, paka kwa kitambaa, acha ikauke. Ukurasa wenye doa hauharibiki tena! Raba iweke mfukoni mwako wewe.

Halafu kuna zoezi ambalo kwangu linashinda mengine yote. Kimon Nicolaides, mwalimu wa kuchora wa Marekani, alilieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1941, yeye akiwa ameshafariki. Mtoto anautazama mkono wake wa kushoto, anachora kwa wa kulia, na haruhusiwi kutazama karatasi. Jicho linatembea polepole pembeni mwa kidole, na penseli inakwenda mwendo uleule wa jicho. Matokeo ni kichekesho, vidole kama mihogo. Ila kwa kuwa wote wamechora mihogo, hakuna anayeona aibu. Sasa waambie waangalie vizuri: mikunjo ya ngozi kwenye vifundo ipo, kucha iliyokatika ipo. Wamechora walichokiona, si walichokuwa wanakikumbuka.

Betty Edwards naye, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliwapa wanafunzi mchoro wa Picasso wa mwanamuziki Stravinsky, ukiwa umegeuzwa kichwa chini, waunakili hivyohivyo. Picha ikigeuzwa huoni tena pua wala goti, unaona mistari na nafasi. Maelezo yake kuhusu ubongo wa kulia na wa kushoto wanasayansi wanasema yamerahisisha mno, lakini zoezi lenyewe linafaa.

Kwa watoto wetu, mimi huwapa kanga. Kila nyumba ipo, na imejipanga kama somo: pindo inazunguka, mji uko katikati, jina liko chini yake. Mtoto anachora kipande kidogo tu cha pindo, kisha anakirudia mpaka kona. Pale konani ndipo akili inapofanya kazi, maana ua lazima ligeuke. Ukitaka kumweleza mhandisi wa kesho maana ya ulinganifu, muanzishie hapo.

Mwenye daftari anayelalamika kwamba lake ni mistari mistari tu, mwambie habari za Turner. Aliacha madaftari kama 300, yanatunzwa na Tate jijini London, na kurasa nyingi zina mistari michache ya penseli tu, kilima au mnara uliochorwa haraka.

Jambo moja nawaomba: usichore wala kusahihisha kwenye ukurasa wa mtoto. Chora kwenye karatasi yako. Na badala ya kusema "nzuri sana", muulize, "Hapa ulikuwa unatazama nini?" Aandike tarehe, basi.

Yupo msichana mmoja aliyegoma majuma matatu. Siku moja alikuja na mdogo wake, nikamwambia achore misuko ya kichwa cha yule mdogo. Sasa ana kurasa kumi na moja, ameanza na twende kilioni, na mwalimu wake amekubali misuko iwe mada ya jalada lake. Mama bado anauliza kuhusu kemia.

Jumamosi tunaanza saa nne asubuhi. Penseli zipo, watu ndio wachache.