Klorini: kinga ya kipindupindu inayoweza kudhuru mapafu

Katika wilaya ya Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, klorini ni kinga muhimu dhidi ya kipindupindu. Mripuko ulioanza nchini humo Oktoba 2023 uliwapata zaidi ya watu 20,000 na kuwaua zaidi ya 700.

Hata hivyo, kemikali hiyo hiyo huweza kumkaba mtu pumzi. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, hivyo hutuama chini katika chumba kisichopitisha hewa. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu hutengeneza asidi: mtu hukohoa, kifua hubana, na mwenye pumu huweza kuzidiwa. Katika mabwawa ya kuogelea ya ndani, klorini huchanganyika na jasho na mkojo, ikatoa kloramini, ambayo nayo huwasha mapafu.

Kwa hiyo, unga wa klorini uchanganywe nje, utiwe ndani ya maji, wala usikutanishwe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri watu wasinyunyiziwe dawa hiyo mwilini.

Aliyeivuta atolewe haraka kwenye hewa safi, na akiendelea kuhema kwa shida afikishwe kituo cha afya. Maji ya kunywa yaliyotiwa kipimo sahihi hayana madhara hayo.