Somo la Redio: Msumeno wa Mnyororo

Leo tutazungumza habari za msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita msumeno wa moto.

Sisi watu wa Bagamoyo kazi ya miti tunaijua tangu zamani. Wazee wetu walikata mwembe kwa shoka, wakachonga mtumbwi. Mbao walizipasua kwa msumeno mrefu wa mikono. Gogo huwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja husimama juu, mwenzake chini, wakavutana. Mimi nilianza kazi nikiwa mtu wa chini. Unga wote wa mbao humwangukia yeye.

Msumeno wa mnyororo ulitoka ng'ambo. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa umeme. Ulikuwa mzito, hata ukahitaji watu wawili. Katika miaka ya 1940, mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu akila mti. Akaona kuwa buu hutafuna kushoto, kisha kulia. Akabuni meno ya mnyororo ya namna hiyo, na minyororo ya leo bado hufuata mpango huo.

Msumeno huu hufanyaje kazi? Injini ndogo huzungusha mnyororo wenye meno pembeni mwa chuma bapa kama upanga. Injini hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Misumeno mingi ya sasa hutaka mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Basi lita 5 zitataka mililita 100. Petroli tupu huiua injini. Kitabu cha msumeno ndicho kisemacho kipimo chake. Ndiyo faida moja ya kujua kusoma. Oili nyingine hutiwa mahali pake ili kulainisha mnyororo.

Mimi nimemiliki misumeno miwili. Wa kwanza ni mdogo, upanga wake ni inchi 14. Ni mwepesi, nao wafaa kwa matawi ya mkorosho na kuni. Wa pili ni wa inchi 24, wenye nguvu ya kukata shina la mwembe. Lakini huchosha mikono, na hula petroli nyingi. Mwenye kazi ya shambani tu hauhitaji huo mkubwa.

Mnazi una tabia yake. Nje ni mgumu kuliko ndani, nao huondoa makali upesi. Mchanga ulioshika gogo ni adui mkubwa zaidi. Kwa hiyo mimi husafisha gogo kwanza, na kila nijazapo petroli hunoa meno kwa tupa ya mviringo. Ukiona msumeno unatoa vumbi badala ya vipande vidogo vya mti, jua kuwa meno yamekuwa butu.

Sasa sikilizeni sana. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti, msumeno huruka nyuma ghafula kuelekea kwa mshikaji. Ndugu mmoja tuliyefanya naye kazi upande wa Kiwangwa aliumia bega hivyo. Alipona, lakini hawezi tena kuinua msumeno, na watoto wake walikuwa wakiitegemea kazi hiyo. Basi:

1. Shika msumeno kwa mikono miwili daima.
2. Usikate kwa ncha, wala juu ya kimo cha bega.
3. Vaa viatu vigumu, kofia ngumu, na kinga ya macho na masikio.
4. Kabla ya kuangusha mti, tengeneza njia ya kukimbilia, na watu wakae mbali.
5. Zima injini kabla ya kujaza petroli, na ingoje ipoe.

Jambo la mwisho ni sheria. Kukata miti katika hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa. Na mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi. Ulizeni kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Maswali
1. Lita 3 za petroli zitataka mililita ngapi za oili?
2. Kwa nini tusikate kwa ncha ya upanga?
3. Utajuaje kuwa meno ni butu?

Maneno ya kuandika: mnyororo, tupa, makali, kibali.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.