Keja ya Makabaka Iliungua Usiku Mmoja, Kuirudisha Ikala Miaka 13

Wasee wa Voi na Taveta, Grogan's Castle mnaijua. Ewart Grogan aliijenga juu ya kilima miaka ya 1930, baadaye ikaachwa ikachakaa, halafu ikafufuliwa. Hiyo angalau kuta zilikuwa zimesimama. Sasa keja ya nyasi ikichomeka, unaanzia wapi?

Uliza Waganda. Pale Kasubi, Kampala, Kabaka Mutesa I alijenga jumba lake 1882. Alipokufa 1884 akazikwa humo, na baadaye makabaka wengine watatu wakalazwa hapo. Si kibanda, msee: upana mita 31, paa limeshuka karibu liguse chini, na ndani lina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda.

Usiku wa Machi 16, 2010 likateketea. Nyasi kavu zina hewa katikati, kwa hivyo moto ukishika unakimbia kushinda maji. Kesho yake kulikuwa na vurugu na watu wakapigwa risasi wakafa. Ndio ujue hiyo haikuwa nyumba tu.

Doo ilipatikana. Serikali ilitoa, Japan ikasaidia kupitia UNESCO, na kuanzia 2013 Katikkiro Charles Peter Mayiga alizunguka akichangisha na kampeni ya Ettoffaali, yaani tofali. Hata mama mboga alitoa chake.

Noma ilikuwa mafundi. Huwezi kuita fundi yeyote wa mabati. Kuezeka hapo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wale wa mbega, na kupamba nguzo na pete ni ya ukoo mwingine. Nyasi lazima zichaguliwe, zisafishwe, zifungwe vishada, zipangwe safu juu ya safu. Hakuna YouTube ya hiyo kitu. Wazee wenye kuijua walikuwa wachache, so ilibidi vijana wakae chini yao wafunzwe, na kazi ikaenda mwendo wa wazee. Kusema ukweli, mimi naona huo ucheleweshaji ulikuwa sawa. Wangeharakisha wangepata hoteli ya makuti.

Safari hii wameweka pia mitambo ya kuzima moto.

Septemba 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi kwa orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini nyasi huoza, na paa hilo litahitaji kuezekwa tena, kwa hivyo hao vijana bado wako job.