Andy Murray Alivishwa Chuma Kwa Nyonga, Lakini Kazi Ngumu Ilikuwa Kutulia

Januari 2019, Andy Murray, ule msee wa tenisi wa Uingereza, alilia mbele ya wanahabari kule Melbourne. Nyonga ilikuwa inamuuma hadi kuvaa soksi na viatu ni noma. Tarehe 28 mwezi huo huo akafanyiwa upasuaji London.

Daktari hufanya nini hapo? Hakati kichwa chote cha mfupa wa paja. Anakichonga juu juu, anakivisha kofia ya chuma, halafu tundu la nyonga linawekwa kikombe cha chuma. Vyuma vinateleza, uchungu unaisha.

Na hapo ndio kuna mtego. Kufikia Machi, Murray alisema nyonga haimuumi tena. Wewe ungerudi uwanjani siku hiyo hiyo, ama? Shida ni kwamba miezi ya kwanza, mfupa ulio chini ya ile kofia unaweza kuvunjika ukiupea presha mapema. Misuli nayo bado inapona. Ndio maana mtu huanza na magongo, anatembea mdogo mdogo, anajenga mguu. Mbio na kuruka ni za baadaye.

Aprili, bingwa wa Wimbledon mara mbili alikuwa anagongesha mpira kwa ukuta tu. Juni akarudi Queen's Club kucheza wawili wawili na Feliciano López, wakabeba taji. Oktoba akashinda Antwerp akiwa solo.

So wewe unayetaka kuingia mechi juu goti limeacha kuuma jana, tulia kwanza. Uchungu kuisha si kupona.