Mzaha Wenye Hesabu

Wapenzi wa hadithi za kubuni zenye mzaha hawajamaliza ubishi wao: nani bingwa, Douglas Adams au Terry Pratchett? Wote wawili ni Waingereza, na wote sasa ni marehemu.

Adams alianza kwa mchezo wa redio wa BBC mwaka 1978. Humo dunia yetu yabomolewa kupisha barabara ya angani, na wanadamu wakilalamika hukemewa kwamba ramani ilikuwa wazi miaka 50 katika ofisi iliyoko kwenye nyota ya Alpha Centauri. Hiyo ni bakora kwa urasimu.

Pratchett aliandika riwaya 41 za Discworld, kuanzia 1983. Katika Men at Arms ya mwaka 1993, askari Vimes apiga hesabu: tajiri hununua mabuti ya dola 50 yakadumu miaka; maskini hununua ya dola 10, yakavuja upesi, hata akafikisha dola 100 na miguu bado imelowa.

Sisi twampa ushindi Pratchett. Adams amemcheka mkubwa. Pratchett amebainisha kwa nini unyonge ni ghali. Walakini kila ofisa mwenye tangazo la kubandika na amsome Adams kwanza, kisha ajiulize: je, mwananchi atalifikia?