Behewa zuri, mwendo mzito: fizikia ya treni ndogo za shaba nyeupe

Hebu piga picha hii. Una treni ndogo ya mezani: kichwa kimoja na mabehewa kumi ya abiria, yote ya shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Kuanzia miaka ya 1950, mafundi wa Japani, na baadaye wa Korea Kusini, waliyatengeneza mabehewa kama haya kwa mkono kwa ajili ya wateja wa Marekani. Kabatini yanapendeza kweli. Relini sasa: treni ikifika kwenye mwinuko mdogo tu, magurudumu ya kichwa yanazunguka palepale na safari inaishia hapo.

Wengi hukimbilia kuongeza uzito kwenye mabehewa. Subiri kwanza, tupime.

Chukua reli iliyonyooka, urefu wa sentimita 100, uigandishe kwenye ubao. Weka behewa, inua ncha moja ya ubao, kisha lisukume kidogo. Tafuta kimo ambacho behewa linashuka bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Kikiwa sentimita 4, basi ukinzani wa behewa ni asilimia 4 ya uzito wake.

Ni kidogo? Tupige hesabu. Kwa kipimo cha 1:87, behewa la mita 26 linakuwa na sentimita 30. Kwa urefu huo, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kinapendekeza uzito wa karibu gramu 200. Mabehewa kumi ni gramu 2,000. Asilimia 4 yake ni gramu 80. Mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita unaongeza gramu 40. Jumla 120. Tuseme kichwa kina gramu 500 na kinaweza kuvuta robo ya uzito wake kabla ya kuteleza, yaani 125. Lakini chenyewe nacho kinapanda, kwa hiyo gramu 10 zinaliwa hapo. Zinabaki 115. Ndiyo maana tambarare kinapeta, mlimani kinakwama.

Sasa ongeza uzito wa mabehewa mara mbili. Msuguano nao unaongezeka mara mbili, asilimia inabaki 4 ileile, na mzigo wa mlimani unafika gramu 240. Umeharibu zaidi!

Tatizo liko kwenye ekseli. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha milimita 10, na ncha ya ekseli yenye milimita 2 inazunguka ndani ya tundu la chuma. Msuguano unashika milimita 1 kutoka katikati, wakati ukingo wa gurudumu uko milimita 5. Ni nyenzo ya 1 kwa 5. Kama kizio cha msuguano ni 0.2, unapata 0.2 × 1/5, sawa na asilimia 4.

Dawa ni kusogeza msuguano karibu na katikati. Weka ekseli zenye ncha kali zinazokaa kwenye vikombe vidogo, na tone dogo la mafuta. Ukinzani ukishuka hadi asilimia 1, mzigo wa mlimani unakuwa gramu 60: nusu ya ule wa mwanzo.

Bado mambo mawili. Kwanza, bogi. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu. Fanya vivyo hivyo: bogi moja iachwe ilale kushoto na kulia, nyingine iinamie mbele na nyuma tu. Magurudumu yote yatagusa reli.

Pili, shoti. Reli mbili hubeba umeme, na shaba nyeupe inaupitisha vizuri. Kwa kawaida gurudumu moja la kila ekseli limetengwa na umeme. Ukigeuza bogi moja kimakosa, au gurudumu likigusa bomba chini ya behewa kwenye kona, reli mbili zinaunganishwa kupitia mwili wa behewa. Kagua kwa kipima umeme kabla ya kuwasha.

Uzito uje mwisho, chini kabisa ya behewa, na uishie kwenye zile gramu 200. Na kabla hujagusa mabehewa yote kumi, anza na moja na ulirudishe kwenye ubao. Tundu ukishalitoboa kwenye shaba, halizibiki kirahisi.